Simfonia Iliyotandazwa Sebuleni kwa Mama

Nyie vijana mnaonipitia hapa Ibra, Omani, siku za Ijumaa, mkishakula wali wangu na kunywa kahawa, hamkosi kuniuliza: "Bi Rayya, hivi wewe ulikuwa ukifanya kazi gani khasa?" Nikisema nilikuwa mtunza noti, nawaona mnavyotazamana. Kuna mmoja wenu, simtaji, aliwahi kuniuliza nilikuwa benki gani. Basi leo nakaa kitako niwaeleze, na mkichoka niambieni, maana mtu mzima akipata wa kumsikiliza hana breki.

Noti zangu ni za muziki. Mle ndani ya okestra, lile kundi kubwa la fidla na mabaragumu na ngoma, kila mpigaji ana karatasi mbele yake, na katika karatasi ile mna sehemu yake tu. Mwenye fidla haoni ya mwenye zumari. Anayeziona zote ni yule muongozaji aliyesimama mbele, mwenye kitabu kikubwa kilichozikusanya. Na mtu anayezitafuta karatasi hizo, akazinakili, akazisahihisha, akaziweka mahali pake kabla ya watu kuja kukaa, ndiye mtunza noti. Akiifanya kazi yake sawasawa hakuna amjuaye. Akikosea, ukumbi mzima utamjua.

Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Unguja mjini aliyekufa huku bado akiota maji ya kule, nilipomwambia kwamba tunaongozwa na kondakta wa Kizungu, aliniuliza hilo basi lenu linakwenda wapi. Mpaka leo silijui jibu lake.

Sikuanza na karatasi. Nilianza na fidla, ile nene kidogo iitwayo viola, ambayo watu huisikia bila kujua kwamba wanaisikia. Nilikuwa msichana nilipoingia okestra kule Maskati, na wallahi nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Nilipiga miaka mingi. Halafu siku moja tulikuwa tunarudi harusini Ashkhara, mie na shoga zangu, na tulipofika karibu na Jalan Bani Bu Ali, ngamia akakatisha barabara kwa madaha kama mwenye shamba lake. Shukuru Mungu sote tulitoka hai, na ngamia naye akaenda zake. Lakini mkono wangu wa kushoto ulivunjika kifundoni. Madaktari walijitahidi, mfupa ukaunga, ila kidole cha mwisho na mwenzake wa pete vikawa havinitii tena. Mpiga fidla asiye na vidole hivyo ni kama fundi cherehani asiye na macho.

Nikarudi hapa Ibra kwa mama, nikajifungia chumbani. Niliiweka fidla juu ya kabati na kuifunika shuka kama maiti. Mama na fidla hawakuwa wakipatana tangu zamani: ikipigwa redioni, huinuka akaizima. Babu, baba yake mama, alikuwa mpiga fidla maarufu kule Unguja kabla ya kukimbia mapinduzi, lakini nyumbani kwetu jina lake lilitajwa na fidla yake haikutajwa. Mie nilidhani ni mambo ya dini, nikamheshimu, sikuuliza.

Aliyenitoa chumbani ni Maestro Radim. Huyu alikuwa muongozaji wetu, Mcheki, mzee mrefu mwenye nyusi kama brashi ya viatu, aliyekuwa akijua Kiarabu cha kuagizia chakula tu. Alinipigia simu akaniita, na nilipofika alinipeleka kwenye stoo nyuma ya ukumbi. Maboksi mpaka darini. Vumbi! Nilipiga chafya mpaka akacheka.

"Rayya," akaniambia kwa Kiingereza, "unawaona hawa? Wote walikuwa watu. Walitunga simfonia, wakapigiwa makofi, wakafa, wakasahauliwa. Mie peke yangu siwezi kuwaamsha."

"Maestro, mie nina mkono mmoja."

"Wa kuandikia si unao?"

Nikabakia pale stoo mpaka nilipostaafu.

Sasa niwaeleze hao waliolala maboksini ni nani. Karne ya kumi na tisa kule Ulaya kulikuwa na zama ambazo watu walitunga muziki wa hisia kubwakubwa, muziki wa mapenzi na misiba, wa milima na dhoruba, ukianza unaona kweli mawingu yanakusanyika. Katika watunzi hao wachache walipata jina, na hao ndio wanaopigwa dunia nzima mpaka leo, usiku na mchana. Waliobaki, na ni wengi, kazi zao zilipigwa mara moja au mbili, kisha zikatiwa makabatini makanisani na maskulini, panya wakapata chakula. Hata sisi kwetu ndivyo: washairi wanaosifika ni wachache, lakini waliotunga ni mji mzima. Maestro alikuwa na mapenzi na hao wa makabatini. Kila mwaka lazima tupige simfonia moja, yaani kazi ndefu ya okestra nzima yenye sehemu kadhaa, ya mtu asiyejulikana, na wakubwa wa okestra wakinung'unika alikuwa akiwaambia, "Hata hao mnaowajua, kuna siku hamkuwajua."

Lakini nisiwadanganye. Si kila aliyesahauliwa ameonewa. Wengine wamesahauliwa kwa haki yao. Tulipata moja ya Mbelgiji, tukaipeleka Sur, tukaipiga nje kando ya khor, ule mkono wa bahari ulioingia mjini, kwa sababu mwenyeji wetu alitaka watu waone maji. Mwisho wa simfonia ile haukuwa na mwisho. Ngoma zinaunguruma, mabaragumu yanapaza, watu wanapiga makofi, kumbe bado. Zinarudi tena, watu makofi, kumbe bado. Mara ya mwisho, ilipokwisha kweli, hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Maestro akageuka akawaambia kwa Kiarabu chake kwamba imekwisha, "Khalas. Wallahi khalas." Hapo ndipo watu walipocheka na kushangilia, na naamini ule ndio ushangiliaji mkubwa kabisa aliopata Mbelgiji yule tangu azaliwe.

Siku hiyohiyo ya Sur nilijifunza jambo ambalo halimo katika kitabu. Upepo wa pwani ulianza kuzivuruga karatasi, na vile vibanio vya chuma tulivyokuja navyo vilikuwa vizito, kila ukitaka kufungua ukurasa vinakwama. Mke wa mlinzi akaniona ninavyohangaika, akaenda uani kwake akaniletea kapu zima la vibanio vya kuanikia nguo. Vyepesi, vinashika, vinafunguka kwa kidole. Tangu siku hiyo hatukusafiri bila vibanio vya nguo. Ukumbi wa marumaru au uwanja wa mchanga, utavikuta: vya rangi ya waridi, vya kijani, mbele ya watu waliovaa suti nyeusi.

Nyie sasa hivi mnafanya kila kitu kwenye kompyuta, na wapigaji wana vioo vya umeme, wanageuza ukurasa kwa kukanyaga kwa mguu. Vizuri sana, sina ugomvi. Lakini haya bado yatakusaidieni, hata kama kazi yenu si ya muziki. Kwenye karatasi ya mtu mwingine andika kwa penseli laini, usiandike kwa kalamu. Mpigaji wetu mmoja wa tarumbeta aliandika kwa wino mwekundu katika karatasi tulizoazimwa kutoka nje, na si alama ya muziki, ni shairi la kumtania muongozaji. Kulifuta kulinichukua wembe, makombo ya mkate na subira. La pili, ukurasa uumalizie mahali ambapo mpigaji ana pumziko, apate mkono wa kugeuzia. Nilipoanza nilinakili kwa uzuri, mwandiko wangu watu wakausifu, lakini kurasa zikaishia katikati ya mbio. Siku ya mazoezi watu wa viola wote wakawa wanapiga kwa mkono mmoja na kushika karatasi kwa meno. Maestro hakunigombeza. Aliniambia, "Usinakili kwa mkono wako. Nakili kwa mkono wa atakayepiga." Neno hilo nimelitumia jikoni, nimelitumia kulea, na halijapata kuniangusha.

Haya, tuje kwa Bi Otilia.

Jina lake kamili Otilia Brandau, Mjerumani, binti wa mchungaji wa kanisa katika kijimji kimoja cha kaskazini, lakini sisi wapigaji tulimwita Bi Otilia tu kama mtu wa kwetu. Maestro alilisikia jina lake ujanani kwa mwalimu wake, naye mwalimu alilisikia kwa mwalimu wake. Inasemekana alitunga simfonia moja, ikapigwa mara moja mjini kwao, na wakubwa wa mji wakaona hiyo ni kazi ya wanaume. Hakutunga tena. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye kitu: hatujui aliolewa, hatujui alizaa, kaburi lake halijulikani.

Maestro alikuwa ameitafuta simfonia hiyo tangu nywele zake nyeusi. Alikuwa karibu kustaafu, na macho yameanza kumsumbua, ndipo mama mmoja anayetunza kanisa la kijimji kile alipomjibu kwamba kabatini nyuma ya kinanda kuna mafurushi ya karatasi yenye jina hilo. Kitabu kikubwa cha muongozaji hakipo. Zipo karatasi za wapigaji tu, kila mmoja na yake. Yule mama, Mungu amjaalie kheri popote alipo, alizipiga picha moja moja akatuletea kwa kompyuta.

Mnafahamu maana yake? Ni kama kukuta nyumba imebomoka na kila tofali limelala mbali na mwenzake. Lazima uchukue karatasi ya fidla ya kwanza, ya pili, ya zumari, ya baragumu, uzipange moja chini ya nyingine, kipande kwa kipande, uone nani anapiga nini wakati gani, mpaka nyumba isimame.

Ilikuwa wakati wa joto, okestra imefunga. Nikazichapa picha zote nikaja nazo hapa kwa mama, kwa sababu sebule yake ni pana na meza yangu ya Maskati isingezichukua. Nikazitandaza chini juu ya zulia, ukuta hadi ukuta.

"Rayya," mama akasema, "haya makaratasi ya nani yameninyima pa kukaa?"

"Ya mwanamke mmoja, mama. Alikufa zamani."

"Na hana kwao?"

"Ndo namtengenezea."

Akanitazama, kisha akaingia jikoni. Toka siku ile alikuwa akipita pembenipembeni ya ukuta, kanga kaikusanya mkononi asije akakanyaga. Wageni wakija huwaambia, "Piteni huku, hapo kalala mtu." Nikimaliza kutazama ukurasa na macho yananiuma, nakuta kikombe cha kahawa na tende, zile tamu ziitwazo khalas, pembeni, na yeye hayupo.

Nyumba ikaanza kusimama. Na ilikuwa nzuri, jamani. Sehemu ya kwanza ina vishindo vyake, ya mwisho ina mbio na uchangamfu, lakini ya pili, ile ya taratibu, ilinikalisha chini. Fidla zinakwenda polepole kama mtu anayembembeleza mtoto begani. Juu yake kuna zumari la Kizungu, lile waliitalo obo, linaimba peke yake. Au niseme, lingeimba. Kwa sababu karatasi ya obo katika sehemu hiyo haikuwamo. Mama wa kanisani akatafuta tena kabatini, chini ya sakafu, kila mahali. Hakuna.

Mpigaji wetu wa obo wa kwanza alikuwa Thuraya, msichana wa Nizwa, kazaliwa hapahapa, wazee wake wametoka Unguja. Kiswahili chake kama chenu nyie, kinakwenda kinachechemea, lakini zumari lake lilikuwa likisema lugha zote. Tuliporudi kwenye mazoezi akanijia, "Bi Rayya, karatasi yangu haiko. Hii ya kwanza iko, ya mwisho iko, ya katikati hakuna."

"Hakuna mwanangu. Imepotea."

"Sasa mimi nitapiga nini?"

Wakubwa wa okestra waliposikia wakapata sababu. Kamati ikamwambia Maestro kwamba simfonia isiyo na wimbo wake si simfonia, tupige moja ya zile watu wazijuazo, na yeye aage kwa heshima. Maana onyesho hilo lilikuwa la mwisho kwake, nalo lilipangwa liwe Nizwa. Sikupata kumuona Maestro kavunjika moyo ila siku ile. Alikaa kwenye stoo juu ya boksi, kofia mkononi, akaniambia, "Nimemleta mlangoni, Rayya, na mlango wanaufunga."

Aliyetuokoa ni Khalfan. Khalfan mtu wa Sur, mamake Mpemba, mpiga baragumu la kujipinda, fundi hodari na mvivu wa kuhesabu. Baragumu hunyamaza muda mrefu katika sehemu za taratibu, na mpigaji hana budi kuhesabu mapigo kimoyomoyo mpaka zamu yake. Khalfan akihesabu husinzia. Basi mchana huo kaingia stoo na karatasi yake anakuja kulalamika.

"Dada Rayya, kwani hivi vidude vidogo ni vitu gani? Nshapata tabu ya kuhesabu, halafu mmentia na uchafu."

Nikaichukua karatasi. Juu ya mapumziko yake palikuwa na noti ndogondogo, ndogo kama mbegu za ufuta. Mie nilikuwa nimezinakili zote bila ya kuzishughulikia, maana zimo katika kila karatasi ya zamani. Ni alama za kumzindua mpigaji: mnakili wa kale humwandikia mwenye baragumu kile anachopiga mwenzake kabla ya zamu yake, akisikie, ajue kuwa wakati umefika.

Maestro akaisogeza karatasi mpaka puani. Nyusi zake zikapanda.

"Obo," akasema. "Hii ni obo! Khalfan, mwanangu, kwa uvivu wako Mungu akuzidishie!"

Tukamwita Thuraya, tukazitoa karatasi zote tukazimwaga juu ya meza. Khalfan akatafuta katika mabaragumu, Thuraya katika mazumari mengine, mie katika fidla, Maestro anasoma kwa lenzi. Huyu kaandikiwa kipande cha mwanzo, yule cha baadaye, mwingine cha mwisho. Tukawa kama watu wanaookota shanga za mkufu uliokatika. Thuraya alikuwa akikipiga kila kipande tunachokiokota, papo hapo, kasimama baina ya maboksi, na Khalfan, nakwambieni, hakusinzia.

Wimbo ukapatikana. Mwanzo wake kamili, na mwisho wake kamili. Ila katikati palibaki pengo. Si refu, mtu angeweza kuvuta pumzi mara chache tu ikapita, lakini ni pahala wimbo unapopanda kufikia kileleni. Hakuna karatasi iliyopabeba.

Maestro akajaribu kupajaza. Akatunga kitu kizuri, chenye elimu. Thuraya akakipiga. Tukatazamana. Kilikuwa kiraka. Kitambaa kipya kwenye kanga ya zamani, hata ukikishona vipi jicho linakwenda palepale. Akajaribu tena, na mwenzetu mmoja wa selo, ile fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, naye akajaribu. Viraka.

Thuraya akasema kwa sauti ndogo, "Maestro, mimi naona tuache."

"Tuache nini?"

"Hapo. Fidla ziendelee, mimi nikae kimya. Yeye aliandika, imepotea. Sisi si yeye."

Maestro akaitia penseli yake mfukoni. Akaenda kwa kamati na kitabu kizima kilichopangwa, akawaambia simfonia ipo, na palipopotea wataonyeshwa palipopotea. Sikuwapo, sijui walisemezana nini. Alirudi akaniambia neno moja tu: "Nizwa."

Nilipompigia mama kumpa khabari, alinishangaza. "Ntakuja," akasema.

"Kusikiliza fidla, mama?"

"Kumuona huyo mwanamke. Kalala sebuleni kwangu muda wote ule wa joto, na kwenye hitima yake nisihudhurie?"

Onyesho lilikuwa alasiri, baada ya sala, katika ukumbi mmoja wa skuli usiokuwa mbali na soko. Watu walijaa, wa Nizwa wenyewe na walioshuka kutoka Jabal al Akhdar, na jamaa zetu wa Ibra waliokuja na thermosi zao za kahawa. Niliweka karatasi mahali pake, nikavikagua vibanio, nikaenda kukaa na mama safu ya nyuma. Alikuwa kavaa buibui lake jipya, mkoba kaupakata, kakaa wima kama mtu aliyekuja kwa hakimu.

Sehemu ya kwanza ilipita, mama hakutikisika. Ikaja ya pili. Fidla zikaanza kule kubembeleza kwao. Kisha Thuraya akainua obo, na wimbo wa Bi Otilia ukatoka, ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuusikia nje ya stoo yetu. Nawaambia kweli, nilisahau kwamba nilipata kuvunjika mkono. Ulipanda, ukapanda, ukafika pale. Thuraya akalishusha zumari kifuani, akakaa wima, kanyamaza. Fidla zikaendelea peke yake, zinabembeleza, na hakuna anayeimba.

Mama akanishika mkono, huu wa kushoto.

"Mbona kanyamaza?"

"Karatasi ilipotea, mama."

Hakuuachia mkono. Wimbo uliporudi, ukashuka taratibu mpaka ukaisha, yeye alikuwa kauinamisha uso kwenye mkoba wake.

Watu walimshangilia Maestro mpaka akatoa kitambaa akafuta miwani. Aliwainua Thuraya na Khalfan, halafu akanionyesha mie kwa kidole nyuma kule, ukumbi mzima ukageuka. Nikaona haya kama mwali. Alhamdulillahi, nilisema moyoni, kwa ngamia na yote.

Tukaondoka jua bado lipo, mie naendesha, tunarudi Ibra kwa njia ya Sinaw. Jangwa limekuwa jekundu pande zote mbili. Ghafla mama akasema:

"Huyo mwanamke alizika mtoto?"

"Sijui, mama. Khabari zake hazijulikani."

"Mie najua."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mie nilizika."

Nilipunguza mwendo. Mie nilikuwa simjui mtoto yeyote.

"Weye ulikuwa mdogo, ndo kwanza unaanza kusema," akaendelea, macho yako barabarani. "Alikufuata. Nasor. Mtoto wa kulia huyo, halali mpaka babu yako ampigie fidla. Kila jioni anakaa barazani anampigia polepole, mtoto kwenye paja langu, mpaka analala. Tulipokimbia Unguja tulitoka na nguo za mwilini. Fidla ikabaki ukutani. Tukafika Mombasa tukangoja pa kwenda, na Nasor akapata homa. Analia, namrusha begani, namuimbia, hanisikii. Anatafuta fidla ya babu yake. Babu yako akawa anaimba kwa mdomo namna fidla inavyolia, mtu mzima, machozi yanamtoka. Kisha mtoto akanyamaza. Mie nikadhani kalala."

Nikaegesha gari kando ya msikiti mdogo wa njiani.

"Babu yako hakugusa fidla tena mpaka kufa," mama akasema. "Na mie nilikuwa siwezi kuisikia, kwa sababu kila nikiisikia nasubiri mtoto alale. Leo yule msichana alipokaa kimya na fidla zinaendelea, nikasema, basi kuna mwenzangu. Naye aliendelea kumrusha begani."

Tulilia, mie na yeye, garini, kama watoto. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, tukashuka, tukatawadha, tukasali upande wa wanawake, na baada ya sala mama akamuombea Nasor kwa jina lake, kwa sauti, mbele yangu. Sikuwahi kumsikia akilitamka. Tuliporudi garini alikula biskuti na kuniuliza kama Thuraya yule kaolewa.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya pale, na fidla ikipigwa redioni haikuzimwa. Maestro Radim alirudi kwao na kitabu cha Bi Otilia, na sasa kinapigwa huku na huku, pengo lake limo, hakuna aliyethubutu kulitia kiraka. Jamaa zetu wa Mombasa walinitafutia kaburi la Nasor na hawakulipata. Nami sina manung'uniko. Nimefanya kazi ya kuwaamsha watu nisiowajua, na mmoja wao akanipa ndugu. Tangu siku ile ya Nizwa, mtu akiniuliza kwetu tulizaliwa wangapi, namhesabu na Nasor.